Tembe la Kwihara na matembe ya kwetu: nyumba isiyo na mgongo

Huku Lyamkena, Makambako, asubuhi ya leo upepo umekuwa wa kukata masikio kama kawaida. Leo naweka kando habari za stendi na bei ya mahindi, nataka tuongee kuhusu nyumba. Siyo hizi za bati jekundu zinazoota kila kona ya mji wetu. Naongelea TEMBE. Na kwa wale watakaodhani ni tembe za panadol, hapana, ni nyumba kabisa, ya watu kulala.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikiongea na vijana wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne, wote wanamjua Mkwawa, Mirambo, Stanley na Livingstone, maana walikuja kwenye mtihani. Ila ukiwauliza hao watu walikuwa wanalala kwenye nyumba ya namna gani, kimya. Wengine wanakujibu "vibanda vya nyasi". Siyo kweli.

Tembe ni nini hasa? Ni nyumba ndefu, nyembamba, ya pembe nne, fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo. Ukiitazama kwa mbali kwenye mbuga unaweza kuipita usiione, maana rangi yake ni rangi ya ardhi na haina mgongo juu wa kukata anga. Wageni waliotoka pwani na misafara, waliozoea nyumba za makuti au za msonge, walishangaa. Mwingereza Richard Burton alipita bara kati ya 1857 na 1858 na akaiandika kwenye kitabu chake cha 1860. Wajerumani nao walipokuja waliliingiza neno hilo kwenye lugha yao hivyo hivyo, tembe, wakalitumia sana kwenye ripoti zao za vita. Nitafika huko.

Eneo la matembe ni katikati ya nchi: Wagogo, Wahehe, Wasandawe, Warangi, Wanyaturu, na kule Mbulu Wairaqw. Hawa Wairaqw ndo kiboko, kwa sababu zamani walikuwa wanachimba nyumba ndani ya mteremko wa kilima mpaka paa linakuwa sawa na ardhi. Unaweza kutembea juu ya paa la mtu bila kujua. Ilikuwa njia ya kujificha na ng'ombe wao wakati Wamasai wanakuja kuteka mifugo.

Sasa kwa nini paa bapa? Dodoma mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600, na miezi mingi ya mwaka hainyeshi kabisa. Paa halihitaji mteremko mkali wa kumwaga maji kila siku. Nyasi ndefu nzuri za kuezekea nazo ni shida, ng'ombe wanazimaliza. Kilichopo ni udongo na miti migumu ya porini. Njoo huku kwetu upande wa Njombe mjini, mvua inazidi milimita 1,000. Jenga tembe Njombe uone, itageuka uji kabla ya Krismasi. Ndo maana ukipanda huku juu nyumba za asili zilikuwa na paa la nyasi lenye mteremko, lakini ukishuka Iringa kuelekea Mtera unaanza kukuta nyumba zimelala chini. Mvua ndiyo iliyochora mpaka.

Ujenzi wenyewe mimi ulinishangaza nilipoanza kuufuatilia. Watu wanadhani nyumba ya udongo inabebwa na ukuta. Kwenye tembe la kawaida SIYO. Zinachimbiwa kwanza nguzo za mti mgumu zenye panda juu. Kwenye panda zinalazwa boriti, juu ya boriti mapao, juu ya mapao fito zilizobanana, kisha majani au nyasi, halafu ndo udongo unamwagwa na kushindiliwa. Ukuta wa fito na udongo unakandikwa baadaye, kazi yake ni kuziba tu. Yaani ukuta ukimomonyoka nyumba bado imesimama. Mafundi wa maghorofa ya leo wananielewa: nguzo zinabeba, tofali linaziba. Babu zetu walikuwa na wazo hilo hilo bila nondo.

Piga hesabu uone nguzo hizo zinabeba nini. Chukua udongo wa unene wa sentimita 15 tu. Kila mita ya mraba ni kilo 200 na zaidi ukiwa mkavu. Upande mmoja wa tembe wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 3 una mita za mraba 30. Hizo ni tani 6 na ushee, karibu Fuso nzima ya mchanga juu ya kichwa chako! Na ukinyeshewa unaongezeka uzito. Kwa hiyo aliyechagua mti mbovu alizika familia. Na ndo sababu nyumba ni nyembamba: boriti na mapao hayawezi kuvuka nafasi pana chini ya mzigo huo. Ukitaka nyumba kubwa huongezi upana, unaongeza urefu.

Hapo kwenye urefu ndipo umbo la tembe linapopata akili yake. Mzee anaanza na upande mmoja. Kijana akioa, anaongezewa chumba mwishoni. Chumba kingine, kingine, mstari unafika mwisho wa kiwanja, unakata kona. Baada ya miaka nyumba imekuwa na pande mbili, halafu tatu, mwisho zinafunga mraba na katikati unabaki uwanja. Milango ya vyumba inatazama ndani, kwa nje ni ukuta mtupu. Ng'ombe usiku wanaingia katikati. Ukisimama juu ya kilima ukaliangalia tembe la mtu unaweza kusoma ukoo wake: nani kaoa, nani kahamia, upande gani umekufa. Nyumba ya bati ya vyumba vitatu na sebule haikwambii kitu.

Na paa lenyewe ni uwanja wa pili. Wanaanika mahindi, uwele, mboga, maboga yanapangwa kule. Mchana udongo unazuia jua, ndani kuna ubaridi. Usiku udongo unaachia joto polepole. Sisi tunaoishi Makambako chini ya bati tunajua Juni na Julai saa kumi usiku kunakuwaje, na mchana wa Oktoba kunakuwaje. Bati ni jepesi, linavuja joto pande zote mbili. Sisemi turudi kwenye udongo, nasema tu fizikia haikuanza shuleni.

Jambo jingine ni moto. Nyumba ya nyasi adui anaichoma kwa kijinga kimoja. Paa la udongo halishiki moto kirahisi hivyo. Karne ya 19 bara hili lilikuwa na vita na uvamizi mwingi, bunduki zilizidi kuingia kupitia biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na nyumba yenye ukuta mtupu kwa nje, mlango mmoja au miwili, na paa lisilochomeka, ilikuwa ngome ya familia.

Hapa ndo nakuleta Kwihara.

Kwihara ni kijiji nje kidogo ya Tabora. Kuna tembe pale ambalo sasa ni makumbusho, watu wanaliita Tembe la Livingstone. Tabora, au Unyanyembe kama misafara ilivyopaita, ilikuwa njia panda ya biashara: unakwenda Ujiji upande mmoja, Ziwa Victoria upande mwingine, na kurudi pwani Bagamoyo. Ni kama Makambako yetu ilivyo njia panda ya Songea, Mbeya na Iringa, tofauti ni kwamba mizigo ilikuwa kichwani kwa watu. Waarabu na Waswahili wa pwani waliokaa pale walichukua tembe la wenyeji wakalifanyia mabadiliko ya kwao. Umbo likabaki: chini, refu, paa bapa, uwanja katikati. Ila wakanenepesha kuta za udongo, wakainua dari, wakaweka baraza mbele ya kupokelea wageni, na mlango wa mbao wa kuchonga kama wa Unguja. Kwa hiyo pale unaona nyumba ya Kigogo na Kinyamwezi imevaa kanzu. Mimi naona ni mojawapo ya majengo yanayosimulia vizuri zaidi historia ya nchi hii, kwa sababu pwani na bara vimekutana kwenye ukuta mmoja. Na tusidanganyane, utajiri uliojenga nyumba za namna ile ulitoka kwenye pembe za ndovu na watumwa. Mlango ni mzuri, lakini ujue waliopita mbele yake wamefungwa minyororo.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Kwihara Juni 1871 akimtafuta Livingstone, akapewa nyumba pale na kuweka bidhaa zake. Akakuta nchi iko vitani. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji. Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga, wakachapwa vibaya, akarudi mbio. Agosti 1871 Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe. Stanley akiwa Kwihara akawaamuru watu wake watoboe matundu kwenye kuta za tembe wapenyeze mitutu ya bunduki, akapandisha bendera ya Marekani, akasubiri. Mirambo hakufika Kwihara. Lakini hiyo habari inakuonyesha ninachosema kuhusu ngome: kwa muda mfupi nyumba ya kulala iligeuka boma la vita bila kuongeza tofali hata moja.

Septemba 20 Stanley akaondoka kwa kuzunguka kusini, mwishoni mwa mwaka akamkuta Livingstone Ujiji, na Februari 18, 1872 wakarudi wote Kwihara. Walikaa pamoja chini ya mwezi mmoja. Machi 14 Stanley akaelekea pwani, na mzee akabaki kwenye lile tembe akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Alisubiri miezi mitano. Fikiria, mzee mgonjwa, miezi mitano, anaangalia njia. Wapagazi walifika katikati ya Agosti, na Agosti 25, 1872 akaondoka kwenda Bangweulu, ambako alifia kijijini kwa Chitambo, nchini Zambia ya leo, Mei 1, 1873. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili wakaubeba kuelekea pwani, na Oktoba mwaka huo wakapita tena Unyanyembe. Pale wakamkuta Luteni Cameron, akawashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa! Wakaendelea mpaka Bagamoyo, na mwili ukazikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874. Nyumba inaitwa ya Livingstone, ila mimi nikiingia pale nawafikiria zaidi hao waliomkatalia Mzungu.

Turudi karibu na nyumbani. Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, ndipo Mkwawa alipokuwa na makao yake, Lipuli (ile timu ya mpira ya Iringa imechukua jina hilo). Watu wanaongelea sana ukuta wa mawe aliouzungushia, na ni haki yao, lakini ndani ya ukuta walikokaa watu palikuwa na matembe. Baada ya Wajerumani kupigwa Lugalo Agosti 17, 1891 na kamanda wao Zelewski kuuawa, walijipanga miaka mitatu. Oktoba 30, 1894 wakaivamia Kalenga wakiwa na mizinga. Udongo unazuia mshale na kijinga cha moto, mzinga hauzuii. Mkwawa akatoroka, akapigana msituni mpaka Julai 19, 1898 alipojiua asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa 1954 na liko kwenye makumbusho pale pale Kalenga. Wageni wanaangalia fuvu, wanapiga picha, wanaondoka. Nyumba za Lipuli zenyewe zimeisha.

Sasa niwape na upande wa pili, maana kuna wadau watasema kijana anapamba umaskini. Tembe lina shida zake na siyo ndogo. Ndani giza, madirisha hakuna au ni matundu. Moshi wa jiko unajaa, ingawa huo moshi ndo unazuia wadudu wasile mapao. Mtu mrefu anainama mpaka mgongo uume. Kila mwaka kabla ya mvua lazima paa liongezwe udongo na kushindiliwa, ukisahau mwaka mmoja linavuja, ukisahau miwili linaanguka. Na kuna PAPASI. Huyu ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za sakafu na ukuta wa udongo, usiku anatoka kunyonya damu, kabla ya alfajiri amerudi ufani. Anaambukiza homa ya papasi, ile inayokuacha siku kadhaa ukidhani umepona halafu inarudi. Dodoma imesumbua watu miaka mingi, na nyumba za tembe ndo makazi aliyoyapenda. Mwaka 1905 Dutton na Todd walionyesha kule mashariki ya Kongo kwamba kupe huyo ndiye mwenye ugonjwa, na Dutton mwenyewe ukamuua. Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alifanya kazi hiyo hiyo huku kwetu wakati huo huo.

Kwa hiyo serikali ilipoanza kuhimiza nyumba bora, haikuwa inapiga vita hewa. Operesheni Dodoma ilianza 1971 kuwahamishia Wagogo vijijini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo 1976 wote wa vijijini wawe kwenye vijiji. Hapo tembe likapata pigo ambalo papasi na mzinga havikuliweza. Kiwanja cha kijiji kimepimwa kwa mstari, nyumba moja kwa kaya, inatazama barabara. Tembe linatazama ndani na linataka kukua kila mtoto akioa. Huwezi kukuza kona kwenye kiwanja cha mstari. Mimi nadhani hilo ndilo lililoliua zaidi kuliko bati, ingawa bati ndo tunalolisifia. Leo hata sensa inauliza nyumba yako imeezekwa na nini, na sote tunajua jibu lipi ni la mtu aliyeendelea.

Bibi yangu mzaa mama ni Mhehe wa upande wa Pawaga, alizaliwa kwenye tembe la pande tatu. Upande mmoja tu ndo umebaki, wamefanya jiko na kulaza mbuzi. Wajomba wanataka kuubomoa, mti mgumu wa nguzo zile bado ni mzima na kuna mtu ameshafika bei. Nikamwambia bibi wauache, ni historia. Akanitazama akacheka. "Mjukuu wangu, wewe unataka picha. Mimi nimelala humo nikichuruziwa na udongo machoni. Nipeni bati." Sikuwa na jibu. Lakini jioni yake yeye mwenyewe ndo aliyeniingiza mle, akanionyesha nguzo moja moja: hii aliichimbia baba yake, hii iliwekwa kaka yake alipooa, hapa palikuwa chumba cha mama mdogo aliyefariki akijifungua. Anazijua kwa kuzishika, macho yake sasa hayaoni vizuri. Nimezipima kwa futi ya fundi, nimechora ramani ya pande zote tatu kama alivyonielekeza, hata zile mbili zilizokwisha anguka. Wajomba wamesema watasubiri mpaka baada ya mavuno.

Kwa atakayetaka kuona tembe kwa macho yake, kuna njia tatu. Walioko Dar waende Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama, yaliyofunguliwa 1967. Pale kuna nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake, la Wagogo na la Wahehe yakiwemo, ukilinganisha na msonge wa Wahaya unaelewa haraka kwa nini nasema mvua ndo fundi mkuu. Walioko huku kwetu wapande basi la Iringa kwenda Dodoma, ni kilomita 260 hivi na siku hizi ni lami, wakae dirishani kuanzia wanaposhuka kuelekea bwawa la Mtera. Zamani yalikuwa mengi kando ya barabara, sasa inabidi utoe macho. Wenye nafasi zaidi wafike Tabora, hapo Kwihara siyo mbali, bodaboda wote wanapajua.

Ukifika Kwihara usiishie kwenye barua na picha za ukutani. Ule mlango wa kuchonga usimame uuangalie, halafu uinue kichwa uone dari lilivyobebwa na kuta nene, na ukumbuke kwamba kwa Mgogo na Mhehe mzigo huo huo ulikaa juu ya nguzo zenye panda. Halafu toka uwanjani katikati, geuka pande zote nne.

Mdau mwenye picha ya zamani ya tembe la kwao, au bibi na babu anayejua majina ya vyumba kwa Kihehe, Kisangu au Kigogo, aandike hapo chini. Mavuno Pawaga yako karibu, na mwenye kujua namna ya kung'oa nguzo zile bila kuzipasua aniambie mapema.